Uzi wa Njano kwenye Maua ya Shangazi Ndunge

Mwezi uliopita nilikuwa mjini Sultan Hamud kwa shughuli za kazi, nikapanga chumba katika nyumba ya wageni iliyo nyuma ya barabara kuu. Jioni nikatoka kuketi uani ningoje chai. Malori yalikuwa yakinguruma kuelekea Mombasa, na katikati ya moshi wa dizeli ikanifikia harufu tamu, nzito, ya ndimu iliyochanganyika na sabuni ya kuogea. Kabla sijageuza kichwa kuona ilikotoka, mikono yangu ilikuwa tayari imejificha chini ya mapaja. Msichana aliyeleta chai aliniangalia kwa mashaka. Sikumlaumu, maana hata mimi ningemshuku mtu mzima anayekalia mikono yake.

Mti wenyewe ulikuwa kando ya tangi la maji, maua yake meupe, marefu, yakining'inia mdomo chini. Wauza miche huuita tarumbeta la malaika. Huenda nawe unao kwako na unaupenda kwa harufu yake ya jioni. Mimi naujua kwa njia nyingine. Nyumbani kwetu Matinyani, maua hayo yalikaribia kumfukuzisha shangazi yangu kwenye boma la baba yake mwenyewe.

Shangazi Ndunge alikuwa dada mkubwa wa baba. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi Limuru, kwenye bustani ya kuzalisha miche, na aliporudi hakuja na mume wala mtoto. Alikuja na sanduku moja na vipande vya matawi vilivyofungwa kwa gunia bichi. Baba alimpa nyumba ya marehemu nyanya, kule chini ya shamba. Mama alikubali, lakini alikubali kwa mdomo tu, na sisi tuliomjua tulijua tofauti.

Niseme wazi kwamba mama yangu alishuku watu jinsi wengine wanavyofagia, yaani kila asubuhi na kila pembe. Muuza maziwa aliongeza maji. Mchungaji alimpendelea mke wa mwenye duka. Kuku akiacha kutaga, mama alitaka kujua nani amepita njiani. Mimi nilirithi tabia hiyo nzima nzima, kwa hiyo usitarajie nimcheke sana. Na alikuwa na sababu. Baada ya kunizaa mimi alipoteza mimba mbili, na mwaka ule aliorudi shangazi alikuwa mjamzito tena. Alikuwa akifuma kofia ndogo ya njano, na kila alipomaliza mistari michache aliificha chini ya mto, asije mtu akaiona.

Shangazi hakujisaidia hata kidogo. Mwaka ule mvua ilikuwa ya kusuasua, maharagwe yakakauka yakiwa na maua, na punda wetu alikuwa akienda mtoni na mitungi tangu alfajiri. Shangazi alichukua maji yote aliyooshea vyombo na nguo akayamwagia miti yake. Aliizungushia miiba mbuzi wasifike. Na jioni hakumpa mtu mkono. Ukienda kumsalimia alikunyooshea kiwiko, au alikaa na viganja juu hewani na kusema, "Niko sawa, niko sawa, kaa hapo tu." Kwetu mtu anayekunyima mkono anakuambia jambo. Mama aliona pia kwamba hakuwahi kunishika kichwa wala kunipangusa uso, shangazi wa damu kabisa.

Nilitumwa kumchunguza. Mama hakusema hivyo, alinipa tu kibakuli cha kunde nipeleke na kuniambia nisiharakishe kurudi. Nilimkuta shangazi amesimama kwenye kigoda mbele ya mti mweupe. Alikuwa amelifungua ua ambalo bado halijapanuka, akitoa kitu ndani yake kwa kibano cha nyusi, taratibu, ulimi nje. Kisha akachukua unga wa ua la pinki akaupaka ndani, akaukunja mdomo wa ua na kuufunga kwa uzi.

Nikamuuliza anafanya nini. Akasema bila kugeuka, "Huyu mweupe ana nguvu, anaweza hii jua yetu. Yule wa pinki ni mrembo lakini anaungua. Naozesha hawa wawili nione mtoto atatoka aje." Halafu akanifukuza kwa kiwiko nilipokaribia. Nilirudi nyumbani na kulieleza jambo hilo neno kwa neno, na mama akaacha kuchambua mchele.

Nyuzi zenyewe alizipata kwa kuomba. Kina mama wa kanisa letu walikutana kwa Mama Syombua, mwenyekiti wao, kusuka vyondo, vile vikapu vya nyuzi, na shangazi alipita akiokota vipande vilivyobaki. Alitaka rangi nyingi. Huyu akampa buluu, yule kahawia, na mama yangu, kwa aibu ya kunyima mbele za watu, akampa kipande kirefu cha ule uzi wa njano. Leo najua kila rangi ilimwambia shangazi ua limepakwa unga wa mti upi. Wakati ule hakuna aliyejua, na yeye hakuwa mtu wa kueleza asipoulizwa.

Siku moja mchana kina mama wakaenda kuyaona maua. Walisimama nje ya miiba, na mmoja baada ya mwingine akauona uzi wake umefungwa fundo kwenye mdomo wa ua. Mama Syombua ndiye aliyesema kwanza. "Na malaika gani anapuliza tarumbeta akiangalia chini?" aliuliza, na hakuna aliyecheka.

Kwetu kuna imani kwamba anayetaka kukufunga tumbo huchukua uzi wako akaupiga fundo, na fundo lisipofunguliwa mtoto hafiki. Wazee huita mambo hayo uoi, na hata waliookoka, wanaosema hawaamini, huteremsha sauti wanapoyataja. Mama aliporudi alitupa donge lililobaki la uzi wa njano ndani ya jiko. Ilibaki ile kofia tu, ambayo ilikuwa imekwisha. Aliishika juu ya moto kwa muda, kisha akairudisha chini ya mto.

Baba alipoingia, mama alimwambia bila hata kumpa maji ya kunawa. "Dada yako aende. Mimi siwezi zaa na yeye akiwa hapo chini."

Baba alikuwa mpole kiasi cha kuudhi. "Siwezi fukuza Ndunge juu ya uzi," akasema. "Kama kuna kitu, lete ushahidi." Na shangazi angekwenda wapi? Hilo nililisikia likiulizwa na baba peke yake, baadaye, akiwa anafunga punda.

Alhamisi shangazi alikwenda Kitui mjini na kikapu cha miche. Jua lilipoanza kupoa mama alinishika mkono tukateremka. Alisukuma miiba kwa jembe. Alianza na nyuzi za njano, akizifungua kwa kucha, na zilizokataa akazirarua pamoja na ua. Kisha, ili asiache lolote, akafungua zote, za buluu, za kahawia, za kila mtu. Maji ya vikonyo yalimtiririkia vidoleni. Alikuwa akilia, na sikuwa nimewahi kumwona mama akilia. Akajipangusa macho kwa vidole vile vile, akazifunga nyuzi kwenye pembe ya leso yake, tukapanda nyumbani.

Asubuhi jicho lake la kulia lilikuwa si lake. Mboni ilikuwa imepanuka hadi ile kahawia ya pembeni ikabaki mstari mwembamba. Mwanga ulimuumiza, na alipofungua Biblia maneno yalimkimbia. Niliogopa kumwangalia. Hapo sasa ushahidi wa baba ulikuwa umepatikana, tena usoni.

Kikao kilifanyika sebuleni kwetu. Baba alikaa karibu na mlango, Mama Syombua na kina mama wengine wakajaza makochi, mama akakaa kwenye kiti cha mbao, leso mabegani. Shangazi aliitwa. Alifika na vumbi la shamba miguuni, na hakuna aliyempisha aketi.

"Tuambie umemfanyia nini huyu mama," Mama Syombua alisema. "Tumekuja kwa upendo."

Shangazi alimwendea mama, akachukua karatasi mezani, akaiweka chini ya kidevu chake bila kumgusa kwa kiganja, na kumgeuza uso kuelekea dirishani. Aliliangalia lile jicho. Kisha akaiangalia mikono ya mama, mmoja kisha mwingine. Mwisho akaangalia pembe ya leso iliyopigwa fundo. Nilijua kilichokuwa ndani ya fundo lile.

"Mwende," akaniita kwa jina, "leta maji na sabuni, mama yako aoshe mikono. Na hiyo leso ifuliwe, asipanguse nayo uso." Kisha akawageukia. "Ni maji ya maua yangu. Yana sumu. Ndiyo maana siwapi mkono jioni, ndiyo maana sishiki watoto. Jicho litarudi, lakini mpelekeni zahanati leo, kwa sababu ya mimba. Nilifaa kuwaambia mapema. Hiyo ni makosa yangu."

"Na yalifikaje kwa jicho?" baba akauliza.

Shangazi aliirudisha karatasi mezani. "Upepo," akasema. "Juzi kulikuwa na upepo."

Hakuna aliyekumbuka upepo. Mama Syombua aliguna na kusema upepo huo ulijua kuchagua nyumba. Baba akamgeukia mama, akamuuliza mbele ya wote kama bado anataka dada yake aende. Wote tulingoja. Mama alikuwa ameinamia beseni, povu hadi kwenye viwiko.

"Wacha akae," akasema. "Aweke tu fensi nzuri hapo, watoto wasifike."

Kina mama waliondoka wakiwa wamenyimwa kitu, na walionyesha. Zahanati ilisema yale yale aliyosema shangazi, ikampima na mtoto, akawa salama. Jicho lilirudi siku chache baadaye. Mama Syombua alitangaza kanisani kwamba ni maombi, na shangazi, kutoka benchi la nyuma, akasema amina kwa sauti.

Miti yake ilikuwa imeharibika. Mbegu zilizosalia hazikuwa na uzi wa kusema baba yao ni nani. Alizipanda zote pamoja kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, bila kulalamika popote nilipokuwepo. Nilidhani mama amebahatika, kwamba shangazi hakujua ni nani aliyefungua nyuzi zake, na kwa miaka mingi nilibeba siri ya mama kwa fahari, nikidhani ni sisi wawili tu tuliokuwa nayo.

Siku hizi ninaishi mji wa Wote, na nina mti huo, mtoto wa mjukuu wa ile ya shangazi. Ni mweupe mwenye ukingo wa pinki, na unalivumilia jua la Makueni vizuri kuliko mimi. Mwaka juzi niliupogoa bila glavu, nikajisahau, nikajikuna jicho. Nilipojitazama kwenye kioo nilikutana na jicho la mama. Nikakaa juu ya kitanda. Upepo hauwezi kufanya vile. Ni lazima uvunje, ushike, ujipake mwenyewe.

Kwa hiyo shangazi alijua tangu alipomgeuza mama uso kwenye mwanga. Sentensi moja ingemtoa yeye kwenye aibu na kumtia mama aibuni mbele ya kanisa zima, pembe ya leso ingefunguliwa, na mambo yangekwisha. Alichagua upepo. Na mama, akiwa ameinamia povu, alijua kwamba amejulikana. Ni mimi peke yangu niliyekuwa sijui, mpelelezi mkubwa.

Mama hakuwahi kumwomba msamaha kwa maneno, na mpaka leo anamshuku muuza maziwa. Lakini mtoto alizaliwa, msichana mwenye sauti, na siku aliyoletwa nyumbani shangazi alipanda kuja kumwona. Alinawa mikono mlangoni muda mrefu, kila kidole, mama akimwangalia. Alipomaliza, mama alimnyooshea mtoto yeye mwenyewe.

Mtoto alikuwa amefungwa leso kichwani. Niliuliza kofia ya njano iko wapi, mama akasema imeliwa na panya, nami nikawashuku panya wiki nzima. Kesho yake alinipa donge la uzi wa njano. "Pelekea anti hii," akasema. "Mwambie ni ya kufungia maua." Shangazi alilipokea, akaliangalia, akaketi kwenye kizingiti nalo mapajani na kusahau kunijibu. Nilidhani ni uzi uliobaki.

Sasa ninafuma mwenyewe. Uzi mpya huwa umenyooka, na uliofumuliwa hubaki na mikunjo. Uzi ule wa njano niliompelekea shangazi ulikuwa na mikunjo kutoka mwanzo hadi mwisho.