Original Yenyewe

Nimeishi Soweto West, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, muda wa kutosha kudharau vitu vingi, lakini hakuna ninachokidharau kama waya wa chaja. Kule Kawangware, nilikokuwa nikienda kufua nguo za watu, kulikuwa na muuzaji aliyeanika nyaya zake mezani kama tambi. Kwake zote zilikuwa original, yaani halisi, si za kuigiza. Nilipomwambia ule alioniuzia kwanza ulikufa kabla mche wangu wa sabuni haujaisha, hakuona haya hata kidogo.

"Hiyo ilikuwa original tu," akasema. "Chukua hii. Hii sasa ndiyo original yenyewe."

Nikachukua, kwa sababu nilikuwa na shida. Shule moja ya watoto wadogo hapo Kawangware ilitaka mpishi, na mwenye shule, mama mmoja mwenye haraka zake, alikuwa ameahidi kunipigia asubuhi. Nilikuwa nimechoka kufulia watu wasionisalimia. Kazi hiyo niliitaka kwa moyo wote.

Jioni original yenyewe ikagoma. Chaji iliingia tu nilipoukunja waya shingoni mwake, pale unapoingia kwenye simu, na kuukandamiza kwa pakiti ya unga. Kwetu tunasema imeshika, na ikishashika hakuna anayepumua karibu nayo. Nikawa nanyata ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mtu mzima na akili zangu, nikiogopa kuusumbua waya. Upuuzi mtupu.

Asubuhi pakiti ilikuwa imeteleza na simu imezima kabisa. Nikaenda kwa miguu mpaka shuleni, nikamkuta mwanamke mwingine ameshafunga aproni, anachambua maharagwe. Mwenye shule hata hakuinuka.

"Nilikupigia, ukawa mteja."

Ndivyo tunavyosema Nairobi simu ya mtu ikiwa imezima, kwa sababu ya ile sauti inayokwambia mteja hapatikani. Nilijaribu kumweleza habari za waya. Akanisikiliza kama anayesikiliza uongo aliouzoea, kisha akarudia chai yake. Niliumia, sitaficha.

Nikirudi nikapita kwenye ile meza. Muuzaji akatabasamu kwa meno yote.

"Karibu, mteja wangu."

Nikamwambia jina hilo nimeshaitwa leo, na aliyeniita alikuwa na kazi ya kunipa. Hakuelewa. Alikuwa ameshaanza kunikunjulia waya mwingine.