Pilau ya Harusi ya Filamu

Mwenye dhima ya hasara iliyoingia katika filamu ya mpwa wangu ni dada yangu mkubwa, mama mzazi wa binti huyo. Nalitanguliza hili kwa sababu hapa Jomvu Kuu limezuka neno kwamba mwenye makosa ni mimi, ati nilibana matumizi hata filamu ikakosa pumzi. Si kweli. Mimi nilikuwa mtunza hazina, na hazina niliitunza. Aliyeifungulia mlango ni dada yangu, kwa mwiko wake mwenyewe.

Mpwa wangu alikuwa na kazi ya mezani kwa mawakala wa forodha kule Kipevu, kazi ya mshahara na kiti cha kuzunguka. Jioni moja alikuja kwangu, akaniamkia, akanywa kahawa, kisha akanitangazia kuwa ameiacha kazi hiyo ili atengeneze filamu. Kisa chake kilikuwa cha mama mgonjwa anayeuficha ugonjwa wake mpaka binti yake aolewe.

"Mjomba, nataka unisaidie kwa sehemu ya kiinua mgongo chako."

"Dhamana ni nini?"

"Dhamana ni mimi. Filamu isiporudisha gharama zake kutoka kwa watazamaji, narudi Kipevu, na habari za filamu hutazisikia tena kinywani mwangu."

Nilimpa mkono juu ya sharti hilo. Miaka yote niliyokaa katika ofisi ya hesabu za serikali sikuwahi kuona mwombaji aliyejiweka rehani mwenyewe, na nakiri kuwa lilinipendeza.

Tukapanga bajeti. Kamera na taa zilikuwa za kukodi. Waigizaji walihitaji nauli. Mafundi walihitaji kula. Onyesho kubwa lilikuwa la harusi, ambapo mama mgonjwa anashika nguzo ya baraza na kutabasamu mbele ya wageni. Kwa onyesho hilo niliidhinisha sufuria moja ya wali mweupe, ya kuonyesha tu. Sahani za nyuma zingekuwa tupu, kwa kuwa kamera, nilivyoelezwa, haioni ndani ya sahani iliyo mbali. Niliona ni mpango wa busara.

Asubuhi ya kupiga picha nilifika uani kwa dada yangu. Kabla sijapita mlango nilisikia harufu ya bizari nzima na kitunguu kilichokaangwa kikawa chekundu. Masufuria matatu makubwa yalikuwa juu ya mafiga, na ngozi mbili za mbuzi zimeanikwa ukutani.

"Shikamoo dada. Ni nini hiki?"

"Marahaba. Ni pilau. Kwani pua yako nayo imestaafu?"

"Bajeti inasema sufuria moja ya wali mweupe."

"Bajeti haina majirani, mimi ninao. Niwaite watu harusini niwawekee sahani tupu? Wallahi, hata harusi ya uongo ina aibu ya kweli."

Mbuzi, nikaambiwa, wamekopwa kwa jina la filamu. Wakati huo huo ikaja habari kuwa mwigizaji aliyepaswa kuwa mama wa bibi harusi amelala na homa huko Likoni. Mpwa wangu hakupoteza muda. Alimtoa mama yake jikoni, akamfunga leso mpya, akamsimamisha penye nguzo. Dada yangu hakudai malipo kwa kazi hiyo, nami naliandika jambo hili kwa upande wake kwa sababu haki ni haki.

Watu walikuja. Walikuja wa msikitini, wa mashambani na wa bandarini waliotoka zamu. Kila mpwa wangu alipoagiza onyesho lirudiwe, sahani zilikuwa zimekwisha safishwa kwa vidole, zikabidi zijazwe upya. Lilirudiwa mara nyingi. Nilipofunga hesabu ya siku ile, mbuzi walikuwa wamegharimu zaidi ya mwigizaji yeyote.

Filamu ilipokamilika tulikodi ukumbi Changamwe, alasiri ya wanawake, kiingilio shilingi mia mbili. Niliketi mlangoni na meza, tiketi na kopo la fedha. Wa kwanza kufika alikuwa jirani wa dada yangu, bibi mmoja mnene mwenye buibui linalonukia udi.

"Mia mbili, tafadhali."

"Za nini, baba?"

"Kiingilio."

"Mimi ni mwalikwa. Nilikula pilau."

"Ile ilikuwa filamu, mama."

"Na hii ni nini?"

Nyuma yake sauti zikafuatana: "Hata mimi nilikula!" "Mimi nilikula nikafungiwa na ya mtoto!" Mmoja, mgeni wa kutoka bara, alisema kwa adabu kubwa, "Mimi sikula, mzee, lakini niliosha masufuria." Dada yangu akatokea mbio.

"Wapishe wapite! Tangu lini mwalikwa akatozwa mlangoni? Unataka nihame mtaa?"

Wakapita. Waliolipa ni wachache waliotoka mitaa mingine, na fedha zao hazikutosha hata kodi ya ukumbi. Filamu ilipoanza, mpwa wangu alitoka nje, akachungulia kopo.

"Basi Jumatatu ni Kipevu, mjomba," alisema, akijaribu kucheka.

Nikazipanga vizuri tiketi ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

Tukasikia kilio ukumbini. Kisha, katikati ya kilio, vigelegele na nyimbo za harusi, na viti vikiburutwa. Mpwa wangu alikimbilia mlangoni kutazama, akarudi ameshika kichwa.

"Mjomba, wanamtunza mama!"

Onyesho la nguzo lilikuwa limefika. Wanawake walikuwa wamesimama safu kwa safu, wakimwendea dada yangu pale alipokaa mbele, wakimtia noti mkononi, wakizibandika kwenye buibui, mpaka mtu akaleta sinia. Yapaswa ieleweke kuwa kwetu unachompa mwenzio siku ya kumwoza binti yake hukurudia siku ya binti yako. Dada yangu ametoa katika kila harusi ya mtaa wetu kwa miaka mingi, naye binti yake hajaolewa, wala hana haraka. Mtaa mzima ulikuwa umekaa na fadhila zake bila siku ya kuzirudisha.

Yule bibi wa udi alitoka akifuta macho, akaniambia, "Binti yake hataki mume, anataka kamera. Basi harusi yake ndiyo hii. Tungoje nini tena?"

Mwishowe dada yangu akatoka na sinia kichwani, imefunikwa kawa kama chakula cha wageni wa heshima.

"Filamu imekula ngapi?" akaniuliza.

Nikamtajia. Akanipa mgongo, akaingiza mkono chini ya kawa, akahesabu kwa kunong'ona, akaweka mezani gharama yote, mbuzi wakiwemo. Kisha akabeba sinia, akaondoka.

"Dada! Na zilizobaki?"

"Zilizobaki ni za harusi."

"Na hizi ulizonipa nizitie fungu gani?"

"Fungu la kunyamaza!"

Mpwa wangu hakwenda Kipevu Jumatatu ile, wala Jumatatu nyingine yoyote. Sasa anaandika filamu ya pili. Hii ina matanga ndani yake, na dada yangu amekwisha ulizia bei ya mbuzi.

Sitaki mpwa wangu arudi Kipevu, hilo lifahamike. Lakini sharti letu lilikuwa gharama zirudishwe na watazamaji. Ikiwa zile ni fedha za watazamaji, sharti limetimia, na kilichobaki kwenye sinia ni mali ya filamu, kiletwe. Ikiwa ni mali ya dada yangu, basi mama amemkomboa mwanawe, na sharti halijatimia. Haziwezi kuwa za pande zote mbili.

Kwa hiyo, nikiwa mtunza hazina, na kwa heshima yote anayostahiki mkubwa wangu, namtaka dada yangu rasmi atamke, mbele ya binti yake na mbele yangu, kwamba fedha zile zilikuwa za nani, na aifunue kawa tuone kilichobaki. Mpaka atakapofanya hivyo, hesabu ya filamu ya kwanza haifungwi, na idhini ya mbuzi wa matanga haitolewi.