Msaidizi Aliyefungua Kila Mlango

Mimi hasira zangu ziko karibu, na hakuna kilichowahi kunipandisha mori kama mistari michache ya msimbo wa programu pale kwenye karakana yetu, Uyole. Tulikuwa wawili tu: mimi na mwenzangu wa Iringa mjini, mtoto wa wenye duka, mcheshi, mwepesi wa mikono kuliko mimi. Tulikuwa tunatengeneza kifaa cha kuzimia kinu cha kukoboa mpunga. Mteja wetu wa kwanza alikuwa mama yangu mkubwa, aliyenilea, mwenye kinu huko Ubaruku. Swichi yake ilikuwa ukutani, ng'ambo ya mkanda. Kanga au mkono ukinaswa, aliyenaswa haifikii. Sisi tungemwekea kitufe jirani na mdomo wa kinu. Akibonyeza tu, mota inakata.

Kitufe hicho hutegemea kitu tunachokiita katizo. Prosesa, ubongo wa kifaa, iko ndani, imezama kwenye shughuli zake. Kitufe kinapiga hodi. Prosesa inaacha yote na kuitika. Ila hodi haisikiki hivi hivi. Kuna geti kuu, ambalo likifungwa hakuna mgeni yeyote anayesikika, na kuna mlango wa kila mgeni. Vyote viwili sharti vifunguliwe, na kifaa kinapowashwa vyote huwa vimefungwa.

Mwenzangu alikuwa ameandika funksheni moja, kipande kidogo cha programu cha kusaidia majaribio, akaiita "washa". Kila jaribio lilianza kwa kuiita, nayo ilifungua geti, ikafungua milango yote, ikanyamaza. Majaribio yote yalipita, kijani kutoka juu hadi chini.

"Washa nini?" nilimuuliza. "Nani anajua hapa kimefunguliwa kipi?"

"Dada, si yanapita? Tumpelekee bimkubwa kifaa chake."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja huumiza matumbo," alinijibu, akicheka.

Nilikataa katakata. Badala ya "washa" nilitaka wasaidizi wadogo, kila mmoja na kazi moja, na jina lake liseme anachofanya: fungua geti kuu; fungua mlango wa kitufe; funga geti kuu. Na kila anayefungua arudi kukagua kama kweli pamefunguka. Mwenzangu aliuliza kama tunaandika programu au tenzi. Kazi ilikula muda, maana majaribio yote yalibidi yaandikwe upya, na katikati yake mama mkubwa akapiga simu. Mavuno yalikuwa yameanza.

"Kile kitufe vipi, mwanangu?"

"Bado kidogo, mama. Si msubiri kwanza kukoboa?"

"Watu wamejaza magunia uani hapa. Nawaambiaje?"

Tulipomaliza niliandika jaribio moja lisiloita msaidizi yeyote: washa kifaa kama kitakavyowashwa Ubaruku, kisha bonyeza kitufe. Likaja jekundu: limefeli. Programu yenyewe ya kifaa haikuwahi kufungua geti kuu. Muda wote "washa" ndiye aliyekuwa akiifungulia. Dawa ilikuwa mstari mmoja tu. Tungekipeleka kama kilivyokuwa, mama angebonyeza kitufe kisichosikika na mtu.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Njiani kwenda Ubaruku na kifaa nilikuwa napanga jinsi ya kumsimulia mama.

Nilikuta kinu kimya, na msimu wenyewe umepamba moto. Mama mkubwa alikuwa ameketi juu ya gunia mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akanipa mkono wa kushoto. Mwanamke yule yule aliyenifunza kwamba mkono huo haupewi mtu. Wa kulia ulikuwa chini ya kanga, umefungwa bandeji, na uliishia kabla ya mahali mkono unapoishia.

"Mkanda," alisema. "Juzi hapa."

Nimeligeuza jambo hili kila upande. Ningekipeleka mapema, kitufe kisingesikika. Nilipokifanya kisikike, mkono haukuwapo tena. Watu huniambia basi, huna kosa, na nadhani wanasema kweli. Hilo ndilo linalonimaliza. Mwenye kosa ana cha kutubu, ana pa kuanzia, mimi sina. Bado naandika wasaidizi wadogo wenye majina yaliyo wazi, kwa sababu sijui njia nyingine iliyo sahihi, na kila ninapowaandika naukumbuka mkono ule.

Siku ile nilitaka kurudi na kile kifaa Uyole. Mama mkubwa akakataa; alisema kuna wanawake wengine watakaosimama pale. Nikakifunga jirani na mdomo wa kinu, nikawasha mota. Mota ikanguruma, mkanda ukaanza kwenda mbio, na nikaona bega lake likiruka. Hata hivyo alisogea, akabonyeza kwa kushoto. Mota ikakata, mkanda ukasimama.

"Kumbe ni haraka hivi," alisema.