Mke wangu wa kwenye filamu amefungiwa kwa jirani

Leo nimetishiwa panga kwa kumpiga mke ambaye hata si wangu.

Tulieni, nieleze.

Tunashuti filamu ya mambo ya ndoa hapa Hamugembe. Mimi ndiye mume mkorofi, Kemi ndiye mke. Kamera iko ndani, inatuchukua sisi tulio uani kupitia dirisha. Aliye nje anaona ugomvi mtupu.

Nikafoka. Nikarusha sufuria. Nikashusha kofi la uongo, Kemi akapiga yowe.

Mara migomba ikatikisika, akatokea Ma Koku, bibi wa nyumba ya jirani. Hakuniangalia hata kidogo. Akamshika Kemi mkono, akaenda naye kwake, akamfungia ndani.

Tulicheka jamani! Hata mimi.

Tulipomfuata, tukamkuta Ma Koku amekaa mlangoni, panga mapajani.

"Ma, tunaigiza tu," nikamwambia.

"Rudi nyuma."

Dairekta akampelekea kamera aone mwenyewe. Akatazama mpaka mwisho.

"Si wewe huyu unampiga?"



Kemi akachungulia dirishani, anacheka. "Ma, niamini, ni mchezo tu."

Ma Koku akamwangalia sana.

"Mwanangu naye alikuwa anacheka hivyohivyo. Akatoka mlango huuhuu, akarudi kwa mumewe. Tukamzika."

Hakuna aliyecheka tena.

Kemi kaachiwa, kwa sharti kwamba Ma Koku naye awepo tukishuti. Sasa hivi amekaa nyuma ya kamera, panga mapajani, na dairekta ananiambia nikasirike zaidi.

Nyie mngeweza?