Zimwi la Gunia la Korosho

Leo nusura nikose mke kwa sababu ya zimwi.

Nilikwenda Kilangala kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Zuhura. Baada ya chakula wakaweka filamu iliyochezwa hapohapo kijijini.

Zimwi lenyewe limevaa gunia la korosho. Linanguruma, huku chini kandambili za bluu zinaonekana.

Nikacheka, tena peke yangu.
"Zimwi gani hili, hata kuku hashtuki."

Zuhura akanifinya.

Baba yake akazima televisheni.
"Zimwi ni mimi, mwanangu."

Nikaomba radhi kwa sauti isiyosikika.

Mzee akamaliza chai yake kwanza, taratibu.
"Sehemu ya pili tunatafuta mtu wa kuliwa. Utaweza?"

"Nitaweza, baba."

Jumamosi naliwa. Nyie mngekataa?