Sare Yenye Mishono ya Nje

Alhamisi, tarehe 2 Januari 2025, Damaris Nyamweya alifungua duka lake la ushonaji mjini Migori saa mbili kasorobo asubuhi. Saa mbili na dakika tano makaa yalikuwa yameshika ndani ya pasi. Saa nne kamili, dakika ambayo hakuisahau kwa kuwa alikuwa ameitenga kwa chai, Rispa aliingia akiwa na binti yake wa miaka minane, Emmaculate, na mfuko wa matambara.

Matambara hayo yalikuwa sare za shule. Tatu.

"Fundi, zote amezirarua mwenyewe," Rispa alisema. "Ya kwanza siku nne. Ya pili siku mbili. Hii ya tatu hata mlango wa darasa haikuuona."

Emmaculate alikuwa na usonji. Maneno yake yalikuwa machache, alipenda vitu vinavyozunguka, na tayari alikuwa ameligundua gurudumu la cherehani. Kwa ajili yake Rispa alikuwa ameacha shamba la mahindi Lambwe, kule Homa Bay, akahamia Migori, kwenye shule yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum. Kitengo kilikuwa na viti kumi na viwili, na orodha ya wanaongoja ilikuwa ndefu. Muhula uliopita Emmaculate alikuwa amevua sare mbele ya gwaride zima. Mwalimu Otieno, msimamizi wa kitengo, alimwombea nafasi ya mwisho: Jumatatu avae sare na akae nayo. Asipokaa nayo, kiti ni cha mwingine.

Damaris hakuwa mtu wa maneno mengi. Cheti chake cha chuo cha ufundi kilining'inia ukutani, kimenyooshwa kwa rula, na mjini alisifiwa kwa jambo moja: mishono yake haikuonekana. Alimpima mtoto vipimo kumi na kimoja, kila kimoja mara mbili.

Ijumaa saa nane mchana gauni lilikuwa tayari, limetiwa wanga na kupigwa pasi hata nzi angeteleza. Emmaculate alilivaa kwa dakika moja na sekunde arobaini. Kisha akalivua, akalipindua nje ndani, akalivaa hivyo, akaketi chini ya meza ya kukatia akivuma kama nyuki aliyeshiba.

Rispa akaruka. "Yawa! Kila siku ni hivi hivi, hata nguo za nyumbani. Namgeuzia asubuhi, namgeuzia mchana, watu wasiseme hana mama."

"Mwache, Mama Emma."

"Fundi, si unaona alivyovaa!"

"Mwache kidogo tu."

Kidogo hicho kilikuwa saa moja na dakika kumi, na mtoto hakugusa hata kifungo. Wakati huo Damaris alizichunguza zile sare tatu. Zote zilikuwa zimeraruka mahali pale pale: kwapani, kiunoni, na shingoni penye lebo. Akausugua mshono kwenye ngozi laini ya ndani ya mkono wake. Ulikuna kama majani ya muwa. Miaka sita alikuwa ameyaficha makali yote upande wa mwili, ili mtazamaji asiyaone. Mvaaji mwenyewe, Damaris hakuwahi kumuuliza.

Jumamosi alikata gauni jingine, la pamba iliyofuliwa mara tatu ili ugumu uishe, na mishono yote akaitoa nje. Chuoni, kosa hilo lingemrudisha mwanafunzi hadi kwenye pindo la leso. Asli, jirani yake muuza vitambaa, alichungulia mlangoni.

"Wallahi, Damaris, leo umekunywa nini? Umeshona kinyume!"

"Nimekunywa chai."

"Na hicho cheti, nacho tukigeuze kitazame ukuta?"

"Niletee utepe wa buluu, mita sita. Ule laini."

Asli aliuleta akicheka, lakini hakuondoka. Damaris aliilaza mishono, akaifunika kwa utepe, ukapita mabegani na mbavuni umenyooka kama uzi wa mwashi. Kicheko kikakatika.

"Kumbe! Sasa linaonekana la bei."

"Halina wanga," Damaris alisema, kama mtu anayekiri dhambi.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi Mwalimu Otieno aliwasimamisha langoni.

"Mama Emma, nani amekuambia sare yetu ina mistari?"

"Hiyo si mistari, mwalimu. Ni mishono."

"Mishono iko nje?"

Damaris, aliyekuwa amekuja kwa nia ya kunyamaza, ndiye aliyejibu. "Iko nje kwa sababu ndani kuna mtoto."

Mwalimu alikuna kichwa. "Haya, aingie. Tutajua kabla ya chakula cha mchana."

Wanawake hao wawili waliketi kwenye benchi kando ya ua. Kila mlango wa darasa ulipofunguka, Rispa alisimama. Kila ulipofungwa, aliketi. Saa saba kasoro dakika ishirini Emmaculate alitoka amepanga foleni na wenzake. Gauni lilikuwa na doa la uji kifuani, na lilikuwa mwilini. Rispa alijifuta macho kwa leso. Damaris aliinama kukagua kwapa la kushoto. Hakuna uzi uliokuwa umesogea.

Tarehe 5 Januari 2026 Emmaculate alianza mwaka mwingine kwenye kiti kile kile. Kufikia siku hiyo Damaris alikuwa ameshona sare kumi na saba zenye mishono ya nje. Kumi na moja kati yake zilikuwa za watoto wa madarasa ya kawaida, waliozililia kwa sababu ya utepe.