Sori Mkono Mtupu

Miaka ile bei ya kahawa ilipoanguka, kila mtu Mwika aling'oa kitu. Mdogo wangu, mfanyabiashara wa Moshi mjini, aling'oa masale, ile mimea ya majani marefu, yaliyozunguka kaburi la baba na yale ya mpaka kati ya kihamba chetu, shamba la ukoo, na cha jirani. Alitaka pikapu yake ipate njia. Mama hakuulizwa. Niliulizwa mimi, kwa simu, nikiwa nasahihisha mitihani. Nikasema afanye anavyoona.

Nilipofika siku mbili kabla ya Krismasi, mama alikuwa amesimama kwenye udongo mbichi kando ya kaburi.

"Sori, mama," mdogo wangu alisema, akipapasa mfuko kutafuta funguo za gari.

Mama akaingia ndani, akajifungia. Akasema kupitia dirishani kwamba Krismasi hiyo mtoto yule hatakanyaga nyumbani kwake.

Masikio yaliniwaka kwa hasira. Na nikafanya nini? Nikatoa mhadhara. Nilimfokea mdogo wangu, viatu vyangu vya mjini vimezama matopeni, kwamba neno hilo la Waingereza lilizaliwa na kidonda: zamani aliyelitamka alikuwa anaumwa kweli. Siku hizi wanalitoa wakikukanyaga, wasipokusikia, wakikunyima kazi, wakija kukuzika. Limechakaa huko, nasi tumelipokea kama mtumba, tunalivaa hata makaburini.

"Umemaliza, mwalimu?" mama akauliza. "Sasa mwambie alete isale."

Kwetu mkosaji huja na jani la isale mkononi, na aliyekosewa hawezi kulikataa. Mama alikuwa anamfungulia njia ya kusamehewa. Lakini mdogo wangu aligeuka huku na huku. Kihambani hakukubaki hata jani moja. Alikuwa ameyachoma yote, mjinga yule.

"Kwa jirani yapo," nikasema. "Kamwombe yeye uliyemfutia mpaka."

"Kaka, nisindikize."

"Nenda na sori yako."

Akaenda. Nikasikia sauti zao nyuma ya migomba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefuata na haya yaliyobaki?"

Alirudi baada ya muda mrefu, ameinamisha kichwa, jani mkononi. Mama alilipokea dirishani, akafungua mlango, akampisha. Nami nikanyanyua mguu nimfuate.

"Wewe unakwenda wapi?" mama akanizuia. "Alipokupigia simu, ulimjibu nini?"

Sori ilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikaimeza, nikageuka, nikashika njia ya kwa jirani.